Khaman Maluach: tumngoje hadi lini?

Ukitaka kuiona Phoenix Suns, klabu ya NBA, ligi kuu ya mpira wa kikapu ya Marekani, ikicheza nyumbani nawe uko Afrika Mashariki, jiandae kuamka saa kumi na moja alfajiri. Kule ni saa moja jioni. Huku muadhini ndiyo kwanza anasafisha koo. Msimu wa 2025–26 nimefanya hivyo mara kadhaa kwa ajili ya kijana mmoja, Khaman Maluach, na mara nyingi nimemkuta amevaa fulana ya mazoezi, amekaa benchi, anawapigia makofi wenzake. Ukishaamka hivyo mara tano, neno linakujia lenyewe mdomoni: garasa.

Neno hilo tumelizoea kwenye soka. Mshambuliaji wa kigeni anateremka kwenye ndege, anavishwa skafu ya Simba au ya Yanga, anabebwa mabegani. Mechi tatu bila bao, kijiwe kizima kinauliza nani aliyemleta. Kwenye mpira wa kikapu papara yetu ina mzizi mwingine, tena mrefu zaidi. Mzizi huo ni Hasheem Thabeet. Kila senta (yule mrefu anayecheza karibu na ringi) anayetokea pande zetu tunampima kwa kovu la Thabeet, hata kabla hajavaa viatu.

Kwa wasiokumbuka: usiku wa tarehe 25 Juni 2009 kule New York (kwetu ilishaingia tarehe 26, saa nane na ushee za usiku), Memphis Grizzlies walimchukua Thabeet namba 2 kwenye drafti, ule usiku ambao klabu za NBA hupokezana kuchagua vijana. Mtoto wa Dar es Salaam, sentimita 221, aliyeanza kushika mpira akiwa na miaka 15 hivi, katangulizwa mbele ya nyota wakubwa wa baadaye, James Harden aliyechaguliwa wa 3 na Stephen Curry aliyechaguliwa wa 7. Siku zile ungepita Don Bosco, Upanga, ungedhani tumechaguliwa sote.

Miezi minane baadaye Memphis wakampeleka ligi ndogo, Dakota Wizards. Hakuna mchezaji aliyechaguliwa juu kiasi kile aliyekuwa amewahi kushushwa huko. Februari 2011 wakampeleka Houston. Machi 2012 Houston nao wakamfunga kwenye furushi moja na Jonny Flynn, namba 6 wa drafti ile ile, wakawatoa wote wawili kwa Portland ili wampate Marcus Camby, mzee wa miaka 37. Ukitafakari biashara hiyo unaona jinsi namba za drafti zinavyochuja rangi: miaka mitatu tu ilikuwa haijatimia. Akamalizia Oklahoma City. Jumla mechi 224, wastani wa pointi 2.2.

Kisha miaka 16 ikapita, na tarehe 25 Juni ile ile, mwaka 2025, akaitwa Khaman Maluach, namba 10. Mzaliwa wa Sudan Kusini, mlelewa wa Kawempe, Kampala. Mpira wa kikapu aliuanza akiwa na miaka 13 hivi, akaenda kusomea mchezo huo kwenye akademia ya NBA kule Saly, Senegal, akacheza Kombe la Dunia la 2023 akiwa na miaka 16, akaichezea City Oilers ya Uganda katika BAL, ligi ya klabu za Afrika, mwaka 2024, na majira yale yale ya joto akawa Paris kwenye Olimpiki, miaka 17, ndani ya timu ile ya Sudan Kusini iliyokuwa imetoka kuipeleka Marekani puta kule London na kufungwa 101 kwa 100. Mwaka mmoja wa chuo kikuu cha Duke, basi. Haki ya kumchagua ilifika Phoenix kwa njia ya Houston, kipande kimoja cha yale mabadilishano makubwa yaliyomwondoa nyota wao Kevin Durant. Kijana alilia alipoitwa. Nami nikamwambia mwenzangu tuliyekesha naye: huyu wasimfanye kama yule.

Sasa ngoja nikupe masenta wawili, kila mmoja katika msimu wake wa kwanza NBA. Mmoja alicheza mechi 68, wastani wa pointi 3.1 na ribaundi 3.6 (mipira anayodaka mtupo unapokosa). Wa pili alicheza mechi 45, pointi 2.3, ribaundi 3.4. Ukiambiwa umsajili mmoja utachukua yupi? Wa kwanza, bila shaka, kwa tofauti ndogo. Wa kwanza ni Thabeet. Wa pili ni Rudy Gobert, Mfaransa aliyechaguliwa namba 27 mwaka 2013, ambaye naye alipelekwa ligi ndogo, na ambaye baadaye alitwaa tuzo ya mlinzi bora wa NBA mara nne: 2018, 2019, 2021 na 2024. Clint Capela, mwana wa mama Mkongo aliyekulia Uswisi, alicheza mechi 12 tu msimu wake wa kwanza, pointi 2.7, msimu wa 2020–21 akawa kinara wa ribaundi wa ligi nzima kwa wastani wa 14.3.

Msimu wa kwanza wa senta mchanga, kwa hiyo, haukuambii kitu. Anayesema Maluach ameshashindwa kwa sababu amesugua benchi na kupelekwa Valley Suns, timu ya ligi ndogo ya Phoenix, anasoma kitabu kwa kutazama jalada. Lakini mfano wa Gobert nao usitumike kama hirizi. Vijana warefu waliosugua benchi mwaka wa kwanza wakasugua na wa pili, kisha wakatafuta timu China, ni wengi kuliko kina Gobert. Kilichowatofautisha Thabeet na Gobert ndicho kinachonishughulisha, maana hicho kinaweza kutafutwa kwa Maluach.

La kwanza ni umri. Thabeet alichaguliwa akiwa na miaka 22, baada ya misimu mitatu ya UConn, chuo kikuu cha Connecticut. Gobert 21. Dikembe Mutombo, ambaye jina lake hutajwa kila Mwafrika mrefu anapochaguliwa, alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 25 alipochaguliwa namba 4 mwaka 1991, mtu mzima mwenye kifua na ndevu, ndiyo maana aliingia na pointi 16.6 na ribaundi 12.3 na kwenda moja kwa moja mechi ya nyota wa ligi. Maluach alizaliwa Septemba 2006. Alipochaguliwa alikuwa hajatimiza miaka 19. Umri wa Thabeet siku ya drafti ataufikia mwaka 2028. Ule wa Mutombo, mwaka 2031. Wanaomlinganisha na Mfaransa Victor Wembanyama kwa sababu ya urefu hata siwajibu: Wembanyama anapiga chenga na kutupa kutoka mbali kama wachezaji wafupi wa nje, kwa hiyo ni mchezaji wa aina nyingine kabisa, na urefu wao kukaribiana ni jambo la fundi cherehani.

La pili ni mlango. Hapa mashabiki hatuangalii sana, wakati pengine ndipo penye uzito wote. Thabeet alipofika Memphis alimkuta Marc Gasol, aliyekuwa ameingia mwaka mmoja kabla yake, na Gasol ndiye aliyekuja kuwa mlinzi bora wa ligi mwaka 2013. Majira yale yale wakamleta na Zach Randolph. Utapita wapi? Gobert naye kule Utah Jazz alimkuta Enes Kanter, lakini Februari 2015 Utah walimwachia Kanter aondoke, na toka siku hiyo Gobert hakurudi benchi tena. Ile mechi ya Ufaransa dhidi ya Hispania katika Kombe la Dunia la 2014, aliyonyakua ribaundi 13 mbele ya ndugu wawili Gasol, ilikuwa imeshawaonyesha Utah wanacho nini ndani.

Phoenix, usiku ule ule wa kumpata Maluach, walimchukua na Mark Williams kutoka Charlotte, senta mwingine wa Duke, mrefu vile vile na mwenye miaka mitatu ya kazi. Wengi waliona ni tusi kwa kijana. Mimi niliona ni bima, na bima yenyewe ina matundu: misimu mitatu ya Charlotte, Williams hakufikisha mechi 45 hata mmoja, na Februari 2025 Lakers walishamchukua kisha wakamrudisha baada ya vipimo vya afya. Juu ya hapo yupo Oso Ighodaro, ambaye si mrefu sana lakini anajua kukaa mahali pake. Maluach amewekwa nyuma ya watu wanaoweza kupitwa. Hiyo ni bahati ambayo Thabeet hakuipata.

La tatu ni miguu, na hapa ndipo ninapoanza kusita.

Tarehe 16 Februari 2009, siku ambayo Thabeet alikuwa anatimiza miaka 22, UConn iliyokuwa ikiongoza orodha ya vyuo ilicheza na Pittsburgh. DeJuan Blair wa Pittsburgh, mfupi kwa Thabeet kwa sentimita ishirini hivi, alivuta mkono wa Thabeet wakigombea mpira, akambirua juu ya bega kama mcheza judo na kumwangusha chini chali. Picha ile ilizunguka. Lakini picha si hoja. Hoja ni hesabu ya mwisho: Blair pointi 22 na ribaundi 23, Thabeet pointi 5 na ribaundi 4. Na Thabeet huyo ndiye aliyekuwa akizuia mitupo minne kwa kila mechi msimu ule. Mtu mwenye makalio mazito na magoti yaliyokunjwa alimsukuma kutoka chini, na urefu wote ukabaki hewani bila kazi. Ligi nzima ya NBA iliona kanda ile, ikajua pa kumshika.

Aprili 2025, nusu fainali ya vyuo, Duke ilipoteza kwa chuo kikuu cha Houston 70 kwa 67 baada ya kuongoza kwa muda mrefu. Houston ni timu ya watu wa miraba minne, wanaokwenda kwenye ribaundi kama wanaogombea daladala ya mwisho ya Mbagala. Maluach, ambaye akisimama tu na kunyoosha mkono anafika sentimita 290, yaani kiganja na nusu chini ya ringi, alicheza dakika 21 na kutoka bila ribaundi hata moja. Sifuri. Niliiangalia mechi ile mara mbili. Hakuwa mvivu wala hakuogopa. Kila mtupo ulipotoka alikuwa amesimama wima, anatazama mpira, wakati mtu wa Houston alishaingiza nyonga mbele yake. Ni kosa la mtu ambaye tangu utotoni mpira umekuwa ukimfikia mkononi bila kuhangaika.

Kwa hiyo kufanana kupo, na anayelikana jambo hilo anajidanganya. Ila kuna tofauti mbili ambazo nikizipima naziona nzito. Kwanza, Thabeet alipobiruliwa alikuwa na miaka 22 na mwili ulioshaiva. Maluach alikuwa na 18, na tayari mizani ilimsoma kilo 115 hivi. Kuna nyama ya kujengea. Pili, mitupo huru, ile ya adhabu isiyo na mlinzi mbele yako. Kule Duke aliweka asilimia 76.6. Kwa senta wa umri ule hiyo ni namba ya kushangaza, na mimi huiamini mitupo huru kuliko danki, yaani kubandika mpira ringini, kwa sababu danki huonyesha mama alimzaa mtoto mrefu, na mtupo huru huonyesha saa ngapi mtoto huyo amesimama peke yake uwanjani akirudia kitu kimoja. Aliyejifunza kutupa vile ndani ya miaka mitano sita tangu ashike mpira kwa mara ya kwanza atajifunza na kuingiza nyonga.

Takwimu zake nyingine za Duke, pointi 8.6 na ribaundi 6.6 kwa dakika 21, zilipambwa na jirani. Alicheza pamoja na Cooper Flagg, aliyechaguliwa namba 1, na Kon Knueppel, namba 4. Ukiwa na watu hao wawili wanaovuta walinzi wote, mpira unaletewa juu ya ringi nawe unabandika. Asilimia 71 ya mitupo yake iliingia. Mingi ilikuwa ya kubandika. Simwondolei sifa, maana kukimbia, kuruka na kudaka pasi ya juu pia ni kazi, na mikono yake ni mizuri kuliko ya Thabeet. Nasema tu tusiichukulie asilimia ile kama kipimo cha ufundi.

Sasa tuje kwenye ile namba 10 yenyewe, kwa sababu watu huitaja kama cheo cha jeshi. Tangu 2010 hadi 2024 waliochaguliwa namba 10 ni hawa: Paul George, Jimmer Fredette, Austin Rivers, CJ McCollum, Elfrid Payton, Justise Winslow, Thon Maker, Zach Collins, Mikal Bridges, Cam Reddish, Jalen Smith, Ziaire Williams, Johnny Davis, Cason Wallace na Cody Williams. Watu kumi na watano. Nyota wa mechi ya nyota katika hao, hadi siku Maluach anachaguliwa, alikuwa mmoja, Paul George. McCollum na Bridges wamekuwa wachezaji wazuri wa kuanza kwa miaka mingi. Wallace alibeba ubingwa na Oklahoma City mwaka 2025. Kuna kundi la wanaopata riziki yao, leo hapa kesho pale. Na kuna waliokwisha mapema, akiwemo Thon Maker, naye mzaliwa wa Sudan Kusini aliyepitia ukimbizini Uganda kabla ya kwenda Australia, sentimita 216, ambaye Milwaukee walimchukua mwaka 2016 kwa maneno yale yale tunayoyasikia leo. Ukilitazama kundi lote, anayechaguliwa wa 10 na kuishia kuwa mchezaji wa kutegemewa wa dakika 20 kwa mechi, miaka minane au kumi, amefaulu. Amefaulu vizuri.

Shida ni kwamba klabu nayo ina saa yake. Mkataba wa kijana wa raundi ya kwanza una miaka miwili ya uhakika. Wa tatu na wa nne ni hiari ya klabu, na uamuzi wa mwaka wa tatu hufanywa mwishoni mwa Oktoba, mara tu msimu wa pili unapoanza. Kwa Maluach ni Oktoba 2026, kabla kidogo ya miezi miwili kutimia tangu atimize miaka 20, sijui kama kuna mwajiri mwingine duniani anayeamua mambo ya mtu mapema hivyo. Nadhani watamwongezea bila kusita, kwa kuwa bei yake ni ndogo na urefu wake haununuliki dukani. Oktoba 2027, uamuzi wa mwaka wa nne, ndio utakaosema klabu inamwonaje kweli. Kabla ya hapo makelele yote ni ya mashabiki.

Na hata akipona saa hiyo, bado kuna hatari ya kuwa mahali pasipomfaa. Ndugu zetu wa Goma wanaijua habari hiyo kwa Jonathan Kuminga, mzaliwa wa mji wao. Aliitwa namba 7 mwaka 2021, akatwaa ubingwa na Golden State Warriors akiwa na miaka 19, msimu wa 2023–24 akafikisha wastani wa pointi 16.1, kisha Aprili 2025 akaachwa benchi mechi nzima kwenye michezo mikubwa. Mwezi uliofuata, Curry alipoumia, akarudishwa na kufunga pointi 30 dhidi ya Minnesota. Kipaji hakikupungua Aprili wala kuongezeka Mei. Kocha alihitaji mtu wa kusogea bila mpira, na Kuminga ni mtu wa mpira mkononi. Maluach ana nafuu katika hili: kazi yake haina ubishi. Weka skrini (simama umzibie njia mlinzi wa mwenzako), kimbilia ringi, linda ringi, daka mpira unaorudi. Kila kocha anaijua, kila timu inaihitaji, na kocha Jordan Ott wa Phoenix hana haja ya kubuni mfumo mpya ili kumpa nafasi.

Nikilazimishwa kuweka dau, naweka hivi. Akiwa na miaka 22, Maluach atakuwa senta wa dakika 20 hadi 25, pointi 8 au 9, ribaundi 8, mzuiaji ambaye wapinzani wanajiuliza mara mbili kabla ya kuingia kwenye boksi, eneo la chini ya ringi. Capela wa kawaida, siyo Capela wa ribaundi 14. Uwezekano wa hilo nauona mkubwa kuliko uwezekano wa kuwa garasa. Kuwa Gobert? Gobert huwatangulia washambuliaji kwa kusoma kinachokuja, na kwa Maluach usomaji huo bado sijauona. Kule Duke alizuia mitupo 1.3 kwa mechi, ndogo kwa mikono ile, na mipira aliyonyang'anya ilikuwa ya kuhesabu kwa vidole. Hiyo ndiyo namba inayonipunguzia usingizi, wala si dakika za benchi.

Kwa hiyo nikiamka tena saa kumi na moja nikamkuta ameingizwa, hata kwa dakika nne za mwisho mechi ikiwa imeshaamuliwa, pointi zake sitazitazama. Nitamtazama mtupo unapotoka mkononi mwa mpinzani: macho yake yanakwenda juu kwenye mpira, au nyonga yake inakwenda kwanza kumtafuta mtu.